Limao kwenye Vioo vya Hadubini

Naandika haya huku nikisimama na kukaa, maana aibu hainipi utulivu. Nafanya usafi kwenye maabara ya chuo kimoja Kasulu, na bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini. Nikionekana sifai, narudi kijijini Gwarama kulima mihogo.

Juzi mwalimu wetu, Madamu Leokadia, alikuwa na wageni. Alitaka kuwaonyesha, juu ya vioo vidogo ninavyoosha mimi, vijidudu vya maji ya bwawa, vyenye mwili wa seli moja tu. Ndani vina vifuko vichachu vya kutemea vitu nje, na rangi aliyotia hugeuka nyekundu palipo na uchachu. Kwingine hubaki manjano.

Mgeni mmoja akachungulia kwenye hadubini. "Mbona kote kwekundu? Na vyenyewe vimekufa."

"Vioo vichafu hivyo," madamu akasema. "Dada, osha vingine."

Nikaosha mbio. Kukawa kwekundu tena. Madamu akaanza kutoka jasho, akailaumu rangi, akayalaumu maji. Mimi nilijilaumu kwamba sikusugua vya kutosha. Mara ya tatu nikavibeba vioo hadi kwenye sinki lililo mbele yao, ili waone bidii yangu.

"Unapaka nini hapo?" madamu akauliza.

"Limao, madamu. Nyumbani vyombo vya wageni tunavisugua hivi, visinuke dagaa."

Madamu akashika kichwa. Nikaongeza, ili nimtoe wasiwasi: "Zile mara mbili nilitia nusu tu. Sasa hivi natia zima."