Barua Haikusema Alivyoishi

Mwanangu, siku tuliyorudi Mwanza kutoka vita vya Uganda naikumbuka mpaka leo, nikiwa nimekaa hapa Buswelu na goti langu hili bovu. Akina mama walipiga vigelegele barabara nzima, na mimi, kijana wa miaka ishirini na mbili, nikajiona mtu mkubwa.

Nilirudi bila Magesa. Huyo alikuwa rafiki yangu kikosini, Mkerewe, mtoto wa wavuvi. Hata tukiwa tumelowa ndani ya handaki, alikuwa anaigiza sauti ya afande wetu mpaka tunasahau baridi. Kombora lilimkuta ng'ambo ya mto Kagera. Tulikuwa tumeahidiana kwamba atakayebaki aende kwa wazazi wa mwenzake.

Sikwenda. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Ukweli ni kwamba niliogopa mama yake angenitazama na kujiuliza kwa nini nimerudi mimi. Nikawa nashinda kilabuni Nyakato, nasimulia vita, watu wananinunulia pombe. Visa vya Magesa ndivyo vilivyowachekesha zaidi.

Mchana mmoja shangazi yangu Kabula alipita pale akitoka sokoni, akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Haya unayowaambia walevi, mama yake huyo kijana ameshayasikia?"

Kesho yake nilipanda meli ya Nansio, kwenda kwao Magesa kisiwani Ukerewe.

Nilimkuta yule mama anaanika dagaa. Nilipojitambulisha alifuta mikono kwenye kanga, akanishika uso. Barua ya jeshi walishaipata zamani.

"Ilisema amekufa," akaniambia. "Haikusema alikuwa anaishije."

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye sauti ya afande alicheka, machozi yakimtoka.

"Baba yake angependa kusikia hili. Kila meli ikitia nanga alikuwa anakwenda gatini kuwauliza vijana wa jeshi kama kuna aliyemjua mwanawe. Tumemzika mwezi uliopita."

Mwezi mmoja, mwanangu. Na mimi nilikuwa nimekaa mwaka mzima.

Nimeoa, nimelea, nimezeeka. Redio ikipiga nyimbo za enzi zile, moyo unarudi kikosini, kwenye uji wa asubuhi na vicheko vya vijana ambao wengi hawapo tena. Lakini anayenijia zaidi ni yule mzee ambaye sikuwahi kumwona.

Kwa hiyo nakuomba, ukibeba neno la mtu, lifikishe wakati anayelingoja bado yuko hai. Usisubiri mpaka hofu iishe. Mimi nilikwenda natetemeka, na bado nilikaribishwa, nikapewa kiti na samaki. Wewe una simu mkononi. Sisi tulikuwa na meli tu.

Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu, na kila mlango utakaobisha hodi, umkute mwenyewe yupo.