Siga za Mzee Nilizipika na Kuku

Nyinyi vijana mnaosoma hii, msinitafutie mtu wa kulaumu. Makosa ni yangu. Mjukuu wangu alinikataza, nikamwambia simu yake haijawahi kupika hata ugali.

Mkwe wangu, yule aliyeoa binti yangu mkubwa, alimletea mume wangu, Mzee, siga. Ni zile sigara nene za kahawia, zimelala kwa boksi la mbao. Mzee alivuta moja, akakohoa, akafurahi. Zingine akasema zingoje siku baba ya mkwe atakuja kwetu, wavute pamoja, yule mtu wa ofisi aone hata kwa wakulima wa miwa kuna mtu.

Akanipa niweke. Mimi kitu cha maana nakiwekanga darini juu ya moto, pale mbegu ya mahindi inakaa, wadudu wasifike. Woi! Siku ya wageni nafungua boksi, siga zimekauka kama maganda. Nilishika moja ikavunjika.

Mtu wa kunisaidia alikuwa hapo nje anapanga viti: mkwe mwenyewe. Lakini kwetu mama hasemezani na mkwe wake hivi hivi. Akipita huku, mimi napita kule. Sasa nimwite nimuulize mambo ya moshi? Niliona aibu. Mjukuu akasoma kwa simu, akasema siga hurudishiwa unyevu polepole, hata wiki. Nikamwambia wageni wako kwa geti.

Nikafikiri, si hii ni majani tu? Majani makavu ya kunde nimeyarudishia ulaini miaka yote na mvuke na munyu, ile chumvi ya majivu. Na ingokho, kuku ya wageni, ilikuwa inachemka, mvuke wake unapotea bure! Nikatandika majani ya mgomba juu ya ile kuku, nikapanga siga, nikanyunyiza munyu, nikafunika sufuria, nikaenda kufunga kitambaa kichwani.

Kumbe siga ikilowa inajifungua! Narudi, siga hakuna. Zilikuwa zimeachana, zikaingia kwa supu. Na mke wa mwanangu alishapakua, akidhani nimeongeza mboga ya kienyeji.

Baba ya mkwe alipewa firigisi, heshima yake. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akauliza kwa upole hiyo ni mboga gani. Mzee wangu hakuwa ameonja bado, alikuwa anangoja wakati wake mkubwa. Akaniona mlangoni.

"Mama, sasa tuletee zile siga."

Nikamwambia, "Mnazila."

Mgeni alitoka akakaa kwa nyasi, kichwa kinamzunguka. Mkewe akaomba maziwa. Mzee hakunigombeza. Aliinama tu akiangalia sahani, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Afadhali angenifokea!

Mkwe akasema akiangalia ukuta, "Mama, si ungeniuliza."

"Na wewe si ungeleta sukari," nikajibu, nami naangalia ukuta mwingine.

Baba yake akaanza kucheka huko huko kwa nyasi, hapo ndipo nikapumua. Lakini Mzee wangu siku hizi hunusa kuku yangu kabla ya kula. Mtu tumezeeka pamoja, ananusa!

Vijana, kitu usichokijua muulize mwenyewe, hata kama ni mkwe. Mimi kwangu nimeshaamuru: mkwe akileta kitu kigeni, asimame sebuleni aseme kinawekwa wapi na kinafanywa nini, kwa sauti kubwa, mpaka mimi nisikie nikiwa jikoni.