Eshantiyonere ya Mama Fortunée

Kama umewahi kupita Kikula, mtaa wetu hapa Likasi, mji wa madini, upande ule wa soko wanakouza vitenge, basi cherehani ya Fortunée umeisikia hata kama mwenyewe hukumwona. Ni ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, ya zamani, na ina mwendo wake: tukutá, tukutá, inasita kidogo, halafu tukutá tena. Kosa si la cherehani. Fortunée alianguka utotoni kutoka kwenye behewa bovu walilokuwa wakilichezea nyuma ya stesheni, na tangu siku hiyo mguu wake wa kulia hukanyaga kwa nguvu kuliko wa kushoto. Baba yake, mtu wa Kasai aliyekuwa fundi wa reli, alimchapa kwanza ndipo akampeleka hospitali.

Sasa ana miaka arobaini na saba, watoto wanne, wajukuu wawili, na nyimbo thelathini na kitu. Nyimbo zote hizo alizitunga akishona. Mguu ukikanyaga, mdomo unatafuta maneno, na jioni kwaya ya akina mama inajifunza wimbo mpya. Ndiyo maana nyimbo zake zote zinachechemea. Pale cherehani inaposita, na wimbo unasita, na akina mama wanashusha mabega kwa pamoja. Watu wa kanisa hawajui sababu. Wanajua tu kwamba hawawezi kukaa kwenye viti.

Basi mwaka huu kwaya ilikuwa inatimiza miaka thelathini, sikukuu kubwa, kumbe mpiga ngoma na mpiga gitaa wote wawili wameshaenda Kolwezi kuchimba madini. Nani wa kuwalaumu? Ngoma hailishi watoto. Mama Clotilde, mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mpana wa mwili na wa sauti, akamleta Eddy. Eddy ni mwalimu wa hesabu, mtu mwema kabisa, ana kinanda cha umeme chenye midundo mia moja iliyotengenezwa tayari. Akabonyeza mmoja, akina mama wakaanza kuimba, na ule msito ulipofika, kinanda kikapita juu yake moja kwa moja, bila hata kugeuka kutazama.

"Eddy," Fortunée akasema, "umepiga wimbo wangu pasi."

"Mama, ile wimbo iko na kosa. Minye nimeinyoosha."

Ee, maskini mwalimu! Ungemwona Fortunée siku hiyo. Akasimama, sentimita ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akasema mbele ya wanawake thelathini na wawili, "Muziki ya sikukuu nitaifanya minye mwenyewe. Na sauti zetu, na mashini yangu."

"Mashini gani?"

"Iko inakuja."

Mama Clotilde akashika kiuno. "Sawa, Fortunée. Lakini siku ile ikifika na weye hauna mashini, nyimbo zako zote zinaingia mu kinanda ya Eddy, leo na kesho na siku zote. Na hatutaki kilio."

Fortunée akarudi nyumbani. Ahadi ni deni, na yeye alikuwa ameahidi kitu ambacho hata jina lake alilijua nusunusu. Alikiona mara moja tu, kwenye mkutano mkubwa wa kanisa, mikononi mwa mwanamuziki mmoja kutoka Lubumbashi. Kisanduku chenye vitufe vya mraba. Unakisogezea sauti yoyote, mlango, kikohozi, sufuria, kinaidaka. Halafu ukigusa kitufe, sauti ile ile inarudi, mara mia ukitaka, nawe unaipanga mpaka iwe ngoma. Alimwuliza yule mwanamuziki kinaitwaje. Akamjibu kwa Kifaransa: eshantiyonere.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana hapa kwetu Likasi neno eshantiyo si geni hata kwa mtoto wa shule ya msingi. Eshantiyo ni ule udongo kidogo unaotolewa kwenye gunia la madini, upimwe, mnunuzi ajue anachonunua. Fortunée alilijua hilo vizuri, akaona jina limekaa mahali pake: kile cha madini kinachota udongo, na hiki kinachota sauti. Akatoa pesa ya zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa akina mama wa kuchangiana, akaenda kwa Djibril.

Djibril ana duka la buti, sepetu, mizani na taa za kichwani. Wazee wake, Waislamu, walitoka Kasongo, na ndugu yake, Amisi, ana duka Lubumbashi na huleta chochote unachomwagiza.

"Djibril, minye natafuta eshantiyonere."

Djibril hakushangaa hata kidogo. Siku hizi wanawake wengi wanaingia kwenye biashara ya madini. "Ya mikono ao ya kuran, Mama?"

Fortunée akafikiri: vitufe vinapigwa kwa mikono, na kuran ni umeme, na umeme wa Kikula unaujua mwenyewe. "Ya mikono!"

"Mufupi ao murefu?"

"Mufupi. Iingie mu kikapo."

"Utatumikisha mu bintu ya kukauka, ao ya maji?"

Swali hili lilimchanganya kidogo. "Ya kukauka," akasema. "Mu kanisa yetu mabati haivuji."

Djibril akaandika, ingawa kalamu ilisita. "Na inapaswa kuingia mupaka wapi? Mupaka mu fundo, chini kabisa?"

"Djibril, mutoto wangu," Fortunée akasema, na macho yakamlenga machozi kwa sababu hatimaye amepata mtu anayemwelewa, "mupaka mu fundo ya roho."

Djibril akasema moyoni, hawa walokole nao! Akatuma oda.

Wiki tatu zikapita. Kifurushi kikafika siku ya soko, na Fortunée akakifungulia palepale dukani, Mama Clotilde akiwa pembeni kama shahidi. Akakata kamba kwa makasi yake, akafunua karatasi, akatoa bomba la chuma. Bomba fupi, zuri, linalong'aa, lenye ncha kali na mfereji pembeni. Lile la kutobolea magunia ya madini.

Halafu Mama Clotilde akakaa chini juu ya gunia la buti, akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Wapita njia wakaingia kuuliza, wakaelezwa, wakacheka, wakaenda kuwaeleza wengine. Kabla ya jua kutua Kikula nzima ilikuwa inamwita Mama Eshantiyo. Fortunée alicheka nao, maana angefanya nini? Lakini nyumbani alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga, akahesabu siku. Zilibaki kumi na sita. Alilia kidogo, tuseme ukweli, kisha akajifuta kwa kipande cha kitenge cha mteja.

Djibril ndiye aliyekuja asubuhi, amevaa kanzu safi. Alikuwa na haya. "Mama, kosa ni yangu. Ningeuliza. Ile bomba ubaki nayo, na pesa yako iende ku mashini. Nimemwita Amisi, ametafuta kwa wale wanaouza vyombo vya muziki. Ziko tatu. Chagua weye mwenyewe." Akaweka simu yake juu ya meza ya kukatia nguo, na Amisi akaonekana kwenye kioo, mashine tatu zimepangwa mbele yake.

Sasa sikia namna fundi wa nguo anavyochagua mashine ya muziki.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, ina kioo cha kung'aa kama televisheni. Djibril akapiga mluzi. Fortunée akasema, "Igeuze." Amisi akaigeuza. "Betri inakaa wapi?" Haina betri, Amisi akasema, ni ya kuchomeka ukutani. "Nguo nzuri, haina bitana. Weka kando."

Ya pili ilikuwa nyekundu, nyembamba, bei yake ndogo, na betri inayo. Fortunée akainama karibu na simu. "Sauti inaingilia wapi?" Amisi akatafuta, akasoma karatasi, akakiri kwamba hii haina maikrofoni, sauti lazima zipitie kwenye kompyuta kwanza. "Kwa hiyo haitembei bila kompyuta?" Haitembei. "Bibi arusi anayekuja na mama yake kuishi naye. Asante. Weka kando."

Ya tatu, jamani, ilikuwa mbaya. Rangi ya majivu, vitufe vikubwa, haina kioo ila kidirisha kidogo cha namba. Ila ilikuwa na betri, maikrofoni, na spika ndogo ubavuni. "Daka mikono yako, Amisi. Piga makofi." Amisi akapiga, akagusa kitufe, makofi yakarudi. Vidole vyake, hata vikiwa vinene, vilienea kwenye vitufe vile. "Sasa chomoa kila kitu, izime, iwashe." Makofi yakarudi tena. Likabaki jaribio moja, na hilo ndilo lilikuwa kubwa.

Akasogeza simu karibu na cherehani, akakanyaga. Tukutá, tukutá, msito, tukutá. "Piga hivyo, Amisi. Na kusita kwake."

Amisi akagonga vitufe akifuata. Mashine ikamrudishia: tukutá tukutá tukutá tukutá. Imenyooka kama rula. Fortunée akashika kichwa. "Ee Mungu wangu, na hii nayo inapiga pasi!"

"Ngojea, Mama, ngojea." Amisi akafunua kitabu cha maelezo, akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akamwita jirani yake. Wakanong'onezana. "Kumbe ile ya kunyoosha inafungwa," akasema. "Hapa. Nimeifunga."

Akagonga upya. Tukutá, tukutá, msito, tukutá.

Fortunée alipiga kigelegele ambacho Amisi, huko Lubumbashi, alilazimika kukizibia masikio. "Njo hii! Hii haina haya ya kuchechemea! Niletee hii!"

Ilifika siku sita kabla ya sikukuu. Wiki hiyo hakuna nguo iliyoshonwa kwa wakati Kikula, na wateja wakasubiri. Fortunée alidaka cherehani yake. Alidaka mchi wa jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, akadaka mlango wa bati wa duka la Djibril ukifunguliwa asubuhi, akadaka kigelegele cha Mama Clotilde, ambaye alijifanya hataki, kisha akaomba kirudiwe mara nne kwa sababu cha kwanza hakikuwa kizuri. Ila kulikuwa na pengo. Pale penye msito palihitaji kitu, sauti moja ya juu, fupi. Akajaribu sufuria, akajaribu chupa, wapi. Siku ya Ijumaa makasi yalimponyoka mkononi yakagonga lile bomba la chuma lililosimama kwenye kona. Ting! Mlio ukakaa hewani, safi kabisa. Fortunée akaliangalia bomba, bomba nalo kama linamwangalia. "Kumbe weye ulikuja na kazi yako," akaliambia.

Jumapili kanisa likajaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Djibril naye alikuwa nje, karibu na dirisha la kushoto, akisema amepita tu. Eddy alikaa na kinanda chake kando, kama ilivyoamriwa, tayari kuingia mambo yakiharibika. Akina mama wakapanga mistari. Fortunée akaweka mashine yake juu ya kiti, akainua kidole, na umeme ukakatika.

Feni zikasimama. Kinanda cha Eddy kikafa. Fortunée akacheka kwa sauti, maana taa ndogo za mashine yake zilikuwa zinawaka palepale. Si ndiyo sababu aliichagua? Akagusa kitufe. Tukutá, tukutá. Safu ya kwanza wakasikia. Safu ya tatu hawakusikia kitu. Spika kubwa za kanisa, ambazo hakuzifikiria hata siku moja, zilikuwa zinakula umeme kama kila kitu kingine. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akaona Mama Clotilde anamtazama, akaona mabega ya wenzake yamesimama, na nyimbo zake thelathini na kitu zote akaziona zinaingia kwenye kinanda zikiwa zimenyooshwa.

Eddy ndiye aliyesimama. Alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, na watu wakadhani amekasirika. Akarudi na megafoni, ile ya betri ambayo wahubiri hubeba sokoni, akapiga magoti mbele ya kiti kama mtu anayekama mbuzi, akaisogeza maikrofoni yake kwenye spika ya mashine.

"Piga, Mama," akasema. "Na kosa yake yote."

Fortunée akapiga. Cherehani ikajaza kanisa, na mchi, na mlango wa bati, kisha msito ukafika, na ndani yake: ting! Mabega ya wanawake thelathini na wawili yakashuka kwa pamoja. Nje dirishani mtu akapiga kelele, "Wallahi, ile ni eshantiyonere yangu!" na watu wakaangua kicheko wakiwa wanaimba. Eddy, magotini, megafoni mkononi, alikuwa anashusha mabega naye. Kwanza alichelewa, halafu akaupata. Fortunée aliimba huku analia, na safari hii hakujifuta.

Kinanda cha Eddy bado kinatumika siku za ndoa. Jumapili za kawaida mwalimu anabeba megafoni. Na ukienda leo dukani kwa Djibril kuomba eshantiyonere, hata kama una buti za mgodi miguuni na matope mpaka magotini, atakuuliza kwanza, bila kucheka, "Ya kutoboa gunia, ao ya kutoboa roho?"