Baba anataka kuiona vizuri ndege niliyoibandika angani

Wasomaji wenzangu, naomba jina langu lifichwe. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, kazi yangu ni kupiga picha hapa Garsen. Siku hizi situlii. Hata nikikaa kula nainuka kabla sijashiba.

Baba yangu ni mkulima wa Kulesa. Ujanani alikuwa akipakia dawa ya nzige kwenye ndege ya zamani, ile ya mabawa yaliyopandana, mawili juu mawili chini. Anasema siku moja rubani alimweka kiti cha nyuma wakaruka juu ya mto. Hakuna aliyemwamini. Wakati wa mafuriko, ndege za msaada zilipokuwa zikipita, alisimulia tena na watu wakamcheka mbele yangu. Macho yake yana mtoto wa jicho. Daktari wa Malindi alisema ataona akipasuliwa, lakini baba alikataa katakata. "Niliyotaka kuyaona nimeshayaona," alisema.

Kile kicheko kiliniuma. Nikaenda kwenye uwanja ambako ile ndege imebaki gofu, nikalala chini kwenye majani nikaipiga picha. Nikapiga na mawingu juu ya mto Tana. Dukani kwangu nikaikata ndege kwenye picha kwa kiwembe, nikaibandika kwenye mawingu, propela nikaipaka wino mwepesi ionekane inazunguka, kisha nikaipiga yote upya ikawa picha moja. Nilidhani nitamwambia nimeitengeneza, atatabasamu, basi.

Baba aliisogeza mpaka puani. Halafu akaweka kidole pale kiti cha nyuma, kwenye doa la gundi.

"Huyu ni mimi," alisema. "Mwanangu, uliipata wapi?"

Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

Tangu hapo ameitembeza picha Kulesa yote hadi Tarasaa. Waliomcheka sasa wanamwita wamsikilize. Na amekubali kupasuliwa, yeye mwenyewe, bila kubembelezwa. "Sina picha yangu hata moja ya ujanani," ananiambia. "Bandeji ikitolewa, uwe umeishika mbele yangu. Nataka nijione."

Wiki ijayo tunampeleka. Mama anasema, "Nyamaza, apone kwanza." Dada yangu anasema, "Akigundua mwenyewe hatatuamini tena. Mwambie sasa." Lakini baba namjua. Nikimwambia sasa, hatapanda gari, na macho yatazima kabisa.

Jana nilichukua picha ya kijana mwingine, nikakata kichwa chake nikibandike pale kwenye doa, baba akifumbua macho aone uso. Nilipokiweka nikaona si baba, nikakitupa. Naingia dukani natoka, nakwenda mtoni narudi, wateja wananishangaa.

Nyinyi mliolea wazazi wazee, nisaidieni mawazo. Nimwambie kabla hajapasuliwa, abaki na giza lake? Au nisimame kando ya kitanda nikiwa nimeishika ile picha, nimngoje afumbue macho?