Mkate Chini ya Pasi

Juzi, katika mgahawa mmoja Bariadi, niliona mkate wa nyama ukibanwa kwenye mashine, nikamkumbuka shangazi Minza. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, tulikuwa wawili jikoni, mlango umefungwa, moshi ukituwasha macho. Alijaza nyama kwenye mkate, akauweka kikaangoni, akaukandamiza kwa pasi ya mkaa. Mafuta yakalia chwaa. Nje ng'ombe wa mahari yake walikuwa wakilia, wazee wakicheka.

“Shangazi, tufungue mlango, joto limezidi.”

“Harufu itatoka, mwanangu. Wageni watautaka.”

Nilimwamini, hata nikamwona mchoyo. Lakini mkate wote alinipa mimi; yeye hakuonja. Ukubwani ndipo nilipokumbuka kwamba mlango ule ulikuwa na komeo moja tu, la nje.