Lori la Usoke

Mke wangu alifariki wakati wa masika, na lori ambalo tulikuwa tumelipania wawili nikalinunua kiangazi kilichofuata. Sitasema nilikuwa bado nalitaka. Nililinunua kwa sababu mama mkwe alinijia kwangu Gongoni, hapo Tabora mjini, asubuhi moja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Mwarabu wa Usoke bado anauza. Kesho kuna treni."

Fedha alizitunza yeye. Mke wangu alikuwa akipika maandazi na kuuza, na kila alichopata alikipeleka kwa mama yake, kwa kuwa hakujiamini mwenyewe, na mimi hakuniamini kabisa. Changu kilikwenda huko huko. Udereva nilijifunza jeshini wakati wa vita, na niliporudi nikaajiriwa na tajiri mmoja wa mjini, nikimbebea pamba na mpunga kutoka Igunga. Nilikuwa huko Igunga homa ilipomshika mke wangu. Mbuga ilikuwa imejaa maji, lori la tajiri likazama hadi kwenye ekseli, na hapakuwa na gari lililopita huku wala kule. Nilipofika nyumbani nilikuta matanga. Waliniambia kaburi liko wapi, nikaenda, nikasimama, nikarudi. Watu walinitazama kama wanaongoja kitu kutoka kwangu. Sikuwa nacho.

Basi tukapanda treni. Mama mkwe alikaa na wanawake wenzake, mimi nikasimama karibu na mlango. Kwetu Unyamwezini mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Yeye alikuwa mwanamke wa mjini, wa Kiislamu, aliyezaliwa Tabora na kukulia Tabora, lakini desturi hiyo aliishika kuliko sisi wa vijijini. Hadi Usoke hatukusemezana.

Yule Mwarabu alikuwa na duka karibu na stesheni. Alikuwa mzee mpole ambaye macho yalikuwa yamemwishia; alipotusalimia aliigeuza shingo kidogo, akituangalia kwa upande. "Siioni tena barabara," alisema, "ndiyo maana naliuza. Gari lenyewe halijanikosea."

Lori lilikuwa nyuma ya duka, la kijivu, bodi ya mbao, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Nililitazama. Miaka yote ile ya kuendesha gari la mtu mwingine nilikuwa nikilala naliwaza lori kama hili, nikijua hata mahali nitakapotundika kofia yangu. Sasa liko mbele yangu, na nilikuwa kama mtu anayetazama picha ukutani.

"Lina kilema gani?" mama mkwe akamwuliza Mwarabu.

"Gia ya pili inaruka. Ukipanda mlima lazima uishike kwa mkono. Na rejeta inavuja kidogo."

"Kingine?"

"Kingine, mama, ni uzee. Huo hata mimi ninao."

Mama mkwe akanigeukia. Hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu. "Mbona umenyamaza? Dereva ni wewe. Funua, tazama."

Nikafunua boneti. Nilitazama waya, nikagusa plagi, nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha. Mikono ilijua kazi yake, haikuhitaji niwepo. Nikapiga hendeli mara kadhaa, injini ikakohoa, ikashika. Mwarabu akatabasamu kuelekea mlio ule. Mama mkwe akazitoa fedha zilizokuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga, akamkabidhi, na lori likawa letu. Mwarabu akanipa mkono. "Likuletee baraka," akasema, nami nikaitikia, "Amina."

Nilimfungulia mama mkwe mlango wa mbele. Akakataa kwa kichwa. Akazunguka nyuma, akakanyaga tairi, akapanda bodini peke yake, akaketi juu ya gunia tupu huku ameshikilia ubao. Nikaondoa gari.

Barabara ya Tabora ilikuwa mchanga na mashimo, miombo huku na huku, vumbi jekundu likipanda nyuma yetu. Katikati ya njia palikuwa na kizuizi cha mbung'o. Kila gari lilisimamishwa hapo, na watu wenye vyandarua vidogo wakalipekua ili wadudu wale wasisafiri nalo hadi kwenye mazizi ya watu. Mlinzi alipekua chini ya gari, akapekua ndani, kisha akaenda nyuma. Nikamsikia akishtuka.

"Shikamoo mama! Huku unafanya nini?"

"Marahaba. Nasafiri."

Akarudi dirishani kwangu. Mama mkwe alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia kichwani, nilimwona kupitia kidirisha cha nyuma. "Yule mama ni nani wako?" mlinzi akaniuliza.

Swali dogo, nikashindwa kulijibu. Kama binti yake hayupo, yeye ni nani wangu? Mlinzi akaanza kunitazama vibaya, pengine akidhani nimemwiba.

Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma. "Mimi ndiye mwenye gari. Huyo ni dereva wangu."

Mlinzi akacheka. "Sasa mama, mwenye gari akae nyuma ale vumbi, dereva akae mbele kama bwana shauri wa serikali?"

Nikasikia mbao zikilia, mama mkwe akashuka, akajikung'uta, akaja kufungua kamba ya mlango mwenyewe. Akaketi ubavuni mwangu, amejibana kwenye mlango, uso kaugeuzia dirishani. Kicheko kilinipanda kifuani, kikakwama njiani. Nikaingiza gia, tukaenda.

Mbele kidogo tukakuta kilima chenye mchanga mwingi. Usukani ulitaka mikono yangu miwili, na gia ya pili ikaanza kuruka. Ikaruka mara ya kwanza, gari likarudi nyuma. Nilipojaribu tena, mama mkwe akaung'ata ukingo wa kanga kwa meno, akaushika mkono wa gia kwa mikono yake yote miwili, akaukandamiza kama anayesonga ugali. Lori likanguruma, likapanda. Tulipofika juu hakuuachia mara moja.

Akasema, bado akitazama mbele, "Aliuliza habari zako mara moja tu. Nikamwambia hujafika. Akasema, 'Mbuga imejaa, mama. Hawezi kupita.' Hakukulaumu."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Tukashuka kilima, tukaendelea hadi mjini.

Nilianza kazi wiki ile ile, nikibeba mpunga wa wachuuzi. Safari ya kwanza ya Igunga nilisimamisha gari pale nilipokuwa nimekwama masika. Ardhi ilikuwa imekauka, imepasukapasuka, hakuna alama yoyote. Nilizima injini nikangoja. Mchunga ng'ombe mmoja akasogea, akaniuliza kwa Kisukuma kama gari limeharibika. Nikamwambia hapana, napumzika. Akanitazama, akaenda zake na ng'ombe wake. Sikulia. Nikapiga hendeli nikaendelea.

Niliporudi nilimpelekea mama mkwe sehemu yake ya pato pamoja na pishi ya mchele, nikaviweka kizingitini kama ilivyo adabu. Akaniita kutoka uani. Alikuwa amepika samaki wa mto Malagarasi. Akatandika mkeka, akaweka sahani moja upande wangu, nyingine upande wake, katikati pakabaki nafasi ya kukaa mtu.

"Kula," alisema. "Halafu unieleze tairi za nyuma zitafika mwisho lini, maana nimeziona, zina vipara."

Nikala. Nilipomaliza nikaomba sahani nyingine, naye akanipakulia.