Hotpoti Yangu Kwenye Mnada wa Kanisa

Leo nasimulia nikicheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze, tena mbele ya kwaya nzima.

Mimi ni mwalimu, nakaa Kapsoya, na nafuga vyura (cheka umalize, nitakungoja). Wangu ni wale wadogo, saizi ya ukucha wa kidole gumba, ambao siku hizi kuwapata ni kazi. Dume wangu alikuwa amelia peke yake miezi minne ndani ya tangi lake la kioo, nikaapa nitamtafutia mwenzake hata kwa kutambaa matopeni. Jumapili moja alfajiri nikampata jike kinamasini, nikamtia kwenye hotpoti yenye majani mabichi ili jua lisimchome, nikafunika na kitambaa. Ningepita nyumbani kwanza yasingenikuta, ila nilikuwa wa kusoma neno siku hiyo na nimechelewa, basi nikaenda naye kanisani.

Mlangoni mhudumu akanipokea hotpoti. "Asante Mwalimu, ubarikiwe." Nikadhani ananitunzia.

Baada ya ibada sadaka za mayai, kabichi na kuku zikapigwa mnada nje, kama kawaida yetu. Mara mzee wa kanisa, akidhani ndani ni chapati, akainua hotpoti yangu: "Chapo za Mwalimu hizi! Ziko moto!"

Ningesema ukweli pale pale, lakini niliona haya, nikaamua kuinunua. Nikitaja bei, Mama Jeruto wa Elgon View, mtaa wa matajiri, anaongeza, naongeza, anaongeza ("Mtu anapigania chapo zake mwenyewe? Hizo lazima ni tamu!"), hadi mfuko wangu ukaisha na wake bado.

Akafungua hapo hapo awagawie wageni. Jike akaruka, akatua kwenye kola yake. Mayowe siyaelezi, kwaya ilitawanyika, nami nikawa nimepiga magoti kati ya kabichi nikimbembeleza chura kwa jina (ndiyo, alikuwa na jina tayari).

Nilipomshika nikakiri yote. "Tafadhali Mama, nirudishie."

Akainama kumtazama chura kiganjani mwangu. "Sadaka hairudishwi, Mwalimu. Nimemnunua mbele ya Mungu. Huyu anakula nini?"

Nilimwomba wiki nzima, wapi! Jumamosi nikabeba tangi na dume wangu ndani, nikampelekea, maana nilimwahidi mwenzake, na ahadi ni ahadi, ingawa iliniuma sana.

Sasa kila Jumamosi nasimama getini kwake na mkebe wa mchwa, na askari anauliza kwa sauti majirani wote wasikie, "Mwalimu, umekuja kuona vyura?"

Najibu kwa sauti hiyo hiyo, "Ndiyo, vyura." Ningesema neno hilo mapema, wangekuwa wanalia kwangu.